Vijana Wamormoni Wanaoitetea Imani Hadharani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaojibu hoja mitandaoni, wa wazazi na viongozi wao, na wa majirani wa dini nyingine wanaojiuliza kwa nini kijana mpole wa Jumapili hugeuka mbogo akishika simu. Mengi tunayoyaeleza yametokea Utah na majimbo ya jirani nchini Marekani, kwa kuwa huko ndiko utetezi huu ulikozaliwa na ndiko bado unakoendeshwa. Mwishoni tumejibu maswali mawili matatu yanayohusu Afrika Mashariki moja kwa moja.

Mtetezi wa imani ni nani? Si ndiye mmisionari?

Hapana, na tofauti yao ndiyo mzizi wa matatizo mengi. Mmisionari ametumwa. Ameitwa kwa barua, amewekewa mikono, amevaa beji yenye jina la Kanisa, ana mwenzake saa zote, na ana rais wa misheni anayejua anachofanya. Vijana wa kiume huanza wakiwa na miaka 18 na kutumikia miezi 24. Akina dada hutumikia miezi 18. Mtetezi hakutumwa na mtu. Amejituma mwenyewe, hana mwenzake wa kumshika mkono anapochemka, na hana wa kumripotia jioni.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Parley P. Pratt aliandika kijitabu cha kuwajibu wapinzani mwaka 1838, miaka 8 tu baada ya Kanisa kuundwa. Karne ya 20 ilimleta Hugh Nibley, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Mwaka 1979 mwanasheria John W. Welch alianzisha FARMS, taasisi ya utafiti wa Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko matakatifu ya Kanisa. FAIR, shirika la kuitetea imani, ilifuata mwaka 1997, ikaanzishwa na waumini waliokuwa tayari wakijibu hoja kwenye majukwaa ya mtandao wa siku hizo. Mwaka 2012 Daniel C. Peterson, baada ya kuondolewa kwenye uhariri wa jarida la taasisi iliyorithi kazi ya FARMS, alishiriki kuanzisha Interpreter Foundation. Ugomvi wa mwaka huo ulihusu, pamoja na mengine, swali lilelile la ukurasa huu: je, utetezi mkali unafaa kufanywa kwa jina la chuo cha Kanisa?

Kwa nini sasa wengi wao ni vijana?

Sababu ya kwanza ni mafunzo. Kijana aliyemaliza seminari, yaani madarasa ya maandiko ya vijana wa sekondari, amesoma maandiko kwa miaka minne, kisha akahubiri kwa miaka miwili mlango kwa mlango na, siku hizi, kwa simu ya misheni. Anarudi nyumbani akiwa na miaka 20 au 21, amezoea kuulizwa maswali magumu na wageni, na ghafla hana wa kumhubiria. Mtandao uko wazi.

Sababu ya pili ni kwamba maswali yenyewe yamemfuata nyumbani. Mwaka 2013 ilianza kusambaa barua ndefu ya hoja dhidi ya Kanisa ijulikanayo kama CES Letter. Kati ya 2013 na 2015 Kanisa lenyewe lilichapisha insha za Mada za Injili, zinazozungumzia waziwazi ndoa ya wake wengi, katazo la ukuhani kwa watu weusi, tafsiri ya Kitabu cha Mormoni, Kitabu cha Ibrahimu (andiko lingine la Kanisa) na masimulizi tofauti ya Ono la Kwanza, yaani maono ya Joseph Smith ya kumwona Mungu. Wazazi wengi hawakufundishwa mambo haya walipokuwa vijana. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 19 huenda anayajua kuliko mama yake, tena kuliko askofu wake, na anajiona yeye ndiye ngome ya mwisho ya familia.

Mvutano kati ya imani na mwenendo uko wapi hasa?

Uko ndani ya maandiko yanayotetewa. Mtetezi anayependa malumbano hulishika Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo ya Kanisa, sehemu ya 71, ambapo mwanzilishi wa Kanisa Joseph Smith na mwenzake Sidney Rigdon wanaambiwa wawaite adui zao wakutane nao hadharani na faraghani. Andiko hilo lipo kweli. Lakini lina tarehe na lina sababu. Lilitolewa tarehe 1 Desemba 1831, wakati Ezra Booth, aliyekuwa mhubiri wa Kanisa akatoka, alipokuwa akichapisha barua zake tisa katika gazeti la Ohio Star. Joseph na Sidney walitoka wakahubiri. Tarehe 10 Januari 1832 sehemu ya 73 ikawaambia warudi kwenye kazi yao ya kutafsiri Biblia. Agizo la kupambana lilidumu siku 40 hivi.

Upande wa pili wa mizani maandiko ni mengi. Katika Kitabu cha Mormoni, 3 Nefi 11:29, Kristo anasema mwenye roho ya ubishi si wake. Sehemu ya 19 ya Mafundisho na Maagano inakataza kuwatukana wanaotukana. Alma 38:12, pia ya Kitabu cha Mormoni, inaruhusu ujasiri lakini inakataza kuonea, na inataka hisia zitiwe hatamu. Sehemu ya 121 ya Mafundisho na Maagano, iliyotoka gerezani Liberty mwaka 1839, inasema hata mamlaka ya ukuhani hayaendeshwi ila kwa ushawishi, uvumilivu, upole na upendo usio na unafiki. Na 1 Petro 3:15, aya ambayo kila mtetezi wa Kikristo huanza nayo, haiishii pale wengi wanapoikatia: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Aya hiyo inamzungumzia anayeuliza, na inazungumzia tumaini.

Kuna pia jambo la kiutendaji ambalo vijana hulisahau. Mwaka 2019 maswali ya mahojiano ya kibali cha hekalu, yaani ruhusa ya kuingia hekaluni, yalirekebishwa, na mojawapo sasa linauliza iwapo unafuata mafundisho ya Kanisa katika mwenendo wako wa faragha na wa hadharani, kwa familia yako na kwa watu wengine. Swali hilo halikuacha nafasi ya "lakini ile ni akaunti yangu ya mtandaoni".

Kwani ukali haufanyi kazi? Video kali hutazamwa sana.

Hutazamwa, ndiyo. Swali ni nani anatazama na anaondoka na nini.

Katika kila malumbano ya hadharani kuna watu watatu. Kuna wewe, kuna mpinzani wako, na kuna wa tatu asiyeandika chochote. Huyo wa tatu mara nyingi ni muumini mwenzako: dada wa kata (usharika) ya jirani aliyesoma jambo fulani wiki iliyopita na halali usingizi, au mume ambaye mke wake ameacha kwenda kanisani. Maswali aliyonayo ni yaleyale ya mpinzani wako. Unapomwita mpinzani mjinga kwa kuuliza, huyu wa tatu amesikia kwamba naye ni mjinga. Hatakuuliza tena. Atakwenda kumuuliza mpinzani, kwa sababu yule angalau alilichukulia swali kwa uzito.

Kwa hiyo mwenendo wa mtetezi ni sehemu ya hoja yenyewe, na kwa huyu wa tatu ndiyo sehemu anayoielewa upesi zaidi. Majibu kuhusu papiri za Kitabu cha Ibrahimu, nyaraka za kale za Misri zinazohusishwa nacho, yanahitaji saa nzima ya kusoma. Dharau inasomeka kwa sekunde mbili.

Nini kilitokea na zile video za mwaka 2020?

Mwishoni mwa 2020 FAIR, iliyokuwa ikiitwa FairMormon wakati huo, ilitoa mfululizo wa video za vijana wakiijibu ile CES Letter. Nia ilieleweka: kizazi kinachotazama video fupi hakisomi makala zenye tanbihi mia. Watangazaji walikuwa vijana, wachangamfu, wepesi wa ulimi. Lakini video zilijaa kejeli, na kejeli hiyo ilimlenga mwandishi wa barua kama mtu, pamoja na wale walioathiriwa nayo. Waliolalamika kwa sauti kubwa hawakuwa wapinzani peke yao. Waumini, wazazi na watetezi wa siku nyingi nao walilalamika. Baadaye video ziliondolewa kwenye chaneli ya shirika.

Makosa yaliyofanyika yanafaa kuchambuliwa, maana yanarudiwa kila siku na chaneli ndogo ndogo. Kwanza, umbo lilichaguliwa kabla ya hadhira. Video ya utani humfurahisha aliyekwisha kuamini. Haimsaidii anayeyumba, na yeye ndiye aliyekusudiwa. Pili, hoja nyingi zilibanwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kila jibu likawa jepesi kuliko swali lake, na anayejua historia akaona mapengo mara moja. Tatu, jina la shirika linaloheshimika liliwekwa juu ya mtindo wa vijana wachache, na mzigo wa mtindo ule ukawaangukia wote waliojitolea humo kwa miaka mingi. Hatuamini kwamba vijana wale walikuwa na nia mbaya. Walipewa jukwaa kubwa bila mhariri mzee wa kuwaambia kataa hiki, acha kile.

DezNat ni nini, na kwa nini viongozi wa vijana wanaiogopa?

Ni alama ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2018, ikifupisha maneno yenye maana ya taifa la Deseret. Deseret ni neno la Kitabu cha Mormoni, lililotajwa katika kitabu chake cha Etheri kuwa ni nyuki wa asali, na ndilo jina ambalo Brigham Young, mrithi wa Joseph Smith, na wenzake walitaka kulipa jimbo lao mwaka 1849. Baadhi ya waliotumia alama hiyo walitaka tu kukutana na waumini wenzao wanaoshika mafundisho bila aibu. Wengine walibeba picha za visu, vitisho kwa waliotoka Kanisani, na matusi kwa mashoga na kwa waumini wenye mawazo tofauti. Mwaka 2021 gazeti la The Guardian lilimfichua mwanasheria wa serikali ya jimbo la Alaska aliyekuwa akiandika maneno ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya Wayahudi kwa jina la bandia chini ya alama hiyo. Alipoteza kazi yake.

Mzazi akiiona alama hiyo kwa mwanawe, asianze na adhabu. Amuulize anafuata akaunti zipi, na wasome pamoja machapisho 20 ya karibuni ya kila moja. Kijana akisoma kwa sauti mbele ya mama yake, husikia mwenyewe.

Je, Mzee Holland hakusema tushike bunduki?

Mnamo Agosti 2021 Jeffrey R. Holland, aliyekuwa mtume, aliwahutubia wahadhiri na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Alirejea mfano uliotumiwa zamani na mtume Neal A. Maxwell wa wajenzi wa hekalu wenye mwiko mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, akiwataka wasomi wa chuo watetee mafundisho ya Kanisa, hasa kuhusu ndoa. Hadhira ilikuwa ya wasomi wenye ajira ya chuo. Kijana anayelichukua neno "bunduki" na kulifanya kauli mbiu ya kumwandama shoga wa miaka 17 mtandaoni amelitoa mahali pake, na amelielekeza kwa mtu ambaye hotuba haikumlenga.

Anayetaka kauli ya viongozi kuhusu namna ya kujadiliana anayo ya wazi zaidi. Aprili 2023 Rais Russell M. Nelson alitoa hotuba nzima ya mkutano mkuu kuhusu wapatanishi, akasema hasira haishawishi mtu, na akataka wafuasi wa Kristo waache ubishi pale wanapoingiliana na wengine, mtandaoni pia.

Swali gumu la historia lijibiweje? Toeni mfano halisi.

Tuchukue gumu kuliko yote: "Joseph Smith alioa msichana wa miaka 14?"

Jibu linalofaa lina sehemu nne, na mpangilio wake ni muhimu kuliko ufasaha wake.

Anza na ukweli, bila utangulizi. Helen Mar Kimball aliunganishwa kwa ndoa ya kidini na Joseph Smith mwaka 1843, miezi kadhaa kabla ya kutimiza miaka 15. Insha ya Kanisa inasema hivyo, na inakadiria wake wote kuwa kati ya 30 na 40. Ukianza na "wapinzani hupenda kusema kwamba...", msikilizaji tayari anajua unakimbia.

Halafu taja ushahidi ulipo na unapoishia. Insha inasema umri huo ulikuwa halali kisheria wakati ule na kwamba baadhi ya wanawake waliolewa katikati ya ujana wao. Inasema pia kwamba kwa vipimo vya leo haufai. Hapa ndipo vijana hujikwaa. "Halali" wanaigeuza "kawaida", kisha "kila mtu alifanya hivyo". Ushahidi haufiki huko. Anayejua takwimu za ndoa za Marekani ya karne ya 19 atakuangusha kwa sentensi moja, na kila ulichosema kabla ya hapo kitaanguka pamoja nawe.

Tatu, sema Helen mwenyewe alisema nini. Aliandika kumbukumbu zake akiwa mtu mzima, akautetea utaratibu ule, na hakuficha kwamba ulimuumiza alipokuwa msichana. Ukichukua utetezi peke yake umemnyang'anya nusu ya maneno yake. Wapinzani hufanya hivyohivyo kwa nusu ya pili.

Mwisho sema unachoamini wewe, ukikitenganisha na yaliyotangulia. "Mimi bado naamini alikuwa nabii, na jambo hili linanisumbua" ni jibu halali. Halimalizi mjadala, na si lazima limalize.

Jambo moja usilifanye kabisa: usijibu swali la Helen kwa kumtaja Ibrahimu, Daudi au Mtume wa dini nyingine. Kuhamisha aibu kwenda kwa jirani ni kukiri kwamba ni aibu, na umeongeza adui.

Vipi kuhusu katazo la ukuhani kwa watu weusi?

Hili Mwafrika anaulizwa mara nyingi kuliko Mmarekani mweupe. Yanayojulikana ni haya. Elijah Able, mtu mweusi, alitawazwa katika ukuhani mwaka 1836 enzi za Joseph Smith. Brigham Young alitangaza katazo mwaka 1852. Lilidumu hadi Juni 1978, wakati wa Rais Spencer W. Kimball. Insha ya Desemba 2013 inakana nadharia zilizotolewa zamani kulihalalisha: kwamba ngozi nyeusi ni laana, kwamba watu weusi walikosa uaminifu kabla ya kuzaliwa, kwamba ndoa za mchanganyiko ni dhambi.

Kwa hiyo kijana anayelitetea katazo kwa kutumia nadharia hizo hatetei Kanisa. Anapinga msimamo wake. Tunalisema kwa uzito kwa sababu bado tunaziona, hata kutoka kwa Waafrika waliozipata kwenye vitabu vya zamani vilivyoachwa na wageni. Hakuna sababu ya kuzirudia. Ukiulizwa katazo lilianza kwa nini, eleza mazingira ya ubaguzi wa Marekani ya wakati ule kama insha yenyewe inavyofanya, ukomee hapo.

Nimtetee kiongozi hata pale alipokosea?

Mfano wa karibuni ni wa fedha. Tarehe 21 Februari 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilitangaza kwamba kampuni ya uwekezaji ya Kanisa, Ensign Peak, italipa dola milioni 4 na Kanisa dola milioni 1, kwa sababu ya kuwasilisha taarifa za hisa kupitia makampuni mengine hivyo kuficha ukubwa wa mali. Ndani ya saa chache watetezi vijana walikuwa wameshaeleza kwamba hakuna kosa lolote lililotendeka. Kanisa lenyewe, katika tamko lake siku hiyohiyo, lilisema linajutia makosa yaliyofanyika.

Hatua ya kufuata ni rahisi: subiri saa 24, soma tamko rasmi, soma na hati ya upande wa pili, kisha usitetee zaidi ya pale Kanisa lilipojitetea.

Naweza kutumia nembo ya Kanisa kwenye chaneli yangu?

Hapana. Nembo yenye sanamu ya Kristo, iliyotangazwa Aprili 2020, ni ya mawasiliano rasmi. Mwongozo wa viongozi hauruhusu muumini kuonyesha wala kudokeza kwamba kazi yake binafsi inadhaminiwa na Kanisa. Andika kwenye maelezo ya akaunti: "Haya ni maoni yangu." Usiweke picha yako ya misheni ukiwa na beji, watu huiona beji, hawasomi maelezo. Usitaje wito wako wa sasa katani ili kuipa hoja nguvu.

Na kutumia jina la bandia?

Wapo wenye sababu nzuri, kama aliye na ajira mahali ambapo dini huleta hatari. Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: chapisho ambalo usingeweza kulitia sahihi mbele ya rais wa kigingi chako, yaani kiongozi wa kata kadhaa, usiliandike kwa jina lolote.

Kupata pesa kwa utetezi ni dhambi?

Kitabu cha Mormoni kinalionya jambo hili katika 2 Nefi 26:29, pale kinapowazungumzia wanaohubiri na kujiweka wenyewe kuwa nuru ya ulimwengu ili wapate faida na sifa za dunia. Kifungu hakisemi kila malipo ni haramu. Wahariri na watafiti wa taasisi hulipwa mishahara. Hatari ya chaneli binafsi ni kwamba mapato hufuata watazamaji, watazamaji hufuata ugomvi, na baada ya miezi sita unajikuta unatafuta wa kugombana naye ili kodi ya nyumba ilipwe. Ukiona mada za wiki unazipanga kwa kuangalia nani amekasirika, funga matangazo ya biashara kwa muda uone kama bado una la kusema.

Mtu ameandika uongo kuhusu imani yangu. Nijibu mara ngapi?

Mara mbili. Jibu la kwanza ni la kusahihisha: taja kosa, weka chanzo, usimtaje tabia. La pili ni la kufafanua, endapo ameuliza au hakuelewa. Kufikia jibu la tatu kwa kawaida mnajibu lugha ya kila mmoja badala ya hoja, na yule msomaji wa kimya ameshaondoka. Baada ya hapo mwalike kwa ujumbe binafsi, au nyamaza.

Matusi hayajibiwi kabisa. Ukipigwa picha ya maandishi yako na kusambazwa bila muktadha, weka maandishi kamili mara moja kwenye ukurasa wako na usiwatume wafuasi wako kwenda kokote. Kundi la watu 50 wakimvamia mtu mmoja kwa jina lako ni tendo lako, hata kama wewe hukuandika neno.

Nawezaje kuwazungumzia waliotoka Kanisani?

Usiwatajie sababu zao. Desemba hadi Desemba tunasikia yaleyale: walikwazwa, walikuwa wavivu, walitaka kutenda dhambi. Oktoba 2013 Dieter F. Uchtdorf, akiwa katika Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa Kanisa, alisema kwenye mkutano mkuu kwamba si rahisi hivyo. Wengi walisali, wakasoma, wakalia, kisha wakaondoka. Mtetezi asiyeweza kueleza sababu za mtu kwa namna ambayo mtu huyo angekubali "ndiyo, nilimaanisha hivyo" hajawa tayari kumjibu.

Askofu anaweza kufanya nini?

Kuzungumza nawe, kwanza kabisa. Askofu wa kata hana mshahara, ana kazi yake na familia yake, na huenda hajaona video hata moja. Mpelekee viungo badala ya kusubiri mtu mwingine ampelekee. Akiona mwenendo haufai anaweza kukushauri usimamishe akaunti kwa muda, au kukuwekea vizuizi vya muda kama kutotumia kibali cha hekalu. Mabaraza ya uanachama, vikao vya nidhamu kama yanavyoitwa tangu 2020, ni kwa mambo mazito.

Vijana hudhani mabaraza hayo ni ya wapinzani tu. Mwongozo unahesabu pia kuwa uasi kuendelea kufundisha kama mafundisho ya Kanisa jambo ambalo silo, baada ya kusahihishwa na askofu au rais wa kigingi. Mtetezi mwenye nadharia yake anayoipenda kuhusu mahali zilipotokea habari za Kitabu cha Mormoni na anayewaita wengine waasi kwa kutoikubali anatembea karibu na mstari huo.

Niwakemee watu wanaosema "Wamormoni"?

Hapana. Rais Nelson aliomba jina kamili litumike kuanzia Agosti 2018, na waumini wanafanya vizuri kulitumia. Jirani anayesema "Mormoni" bila ubaya jibu swali lake kwanza.

Hali ya Afrika Mashariki inatofautianaje na Utah?

Kule waumini ni wengi, na mpinzani mara nyingi ni aliyekulia humo. Huku Kanisa ni dogo na changa: lilisajiliwa Kenya mwaka 1991, likatambuliwa Tanzania mwaka 1992, na hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Wanaokuuliza ni Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu, wengi wao ndugu zako wa damu. Hawaulizi kuhusu papiri. Wanauliza kama ninyi ni Wakristo, kama mnamwabudu Joseph Smith, kama ni kundi la siri la matajiri.

Kijana akichukua video ya Utah na kuitafsiri, anajibu maswali ambayo hayakuulizwa, na anawaletea waumini wapya mashaka ambayo hawakuwa nayo. Anaingiza pia kejeli ambayo shangazi yake hataisamehe. Kuna na mtego wa nyumbani: mihadhara ya hadharani ya Waislamu na Wakristo imewazoesha watu kuhesabu nani kamshinda nani kwa aya, na kijana Mmormoni huvutwa kupanda jukwaani. Shikamoo yako kwa shehe wa mtaa na kufika kwako msibani vitajibu swali la "ninyi ni watu gani" mapema kuliko aya yoyote.

Kuhusu hekalu, niseme nini wakionyesha video za siri?

Usizitazame ili kuzijibu, usizisambaze ili kuzilaani. Sema unachoruhusiwa kusema: kuna maagano, kuna ndoa ya milele, kuna ubatizo kwa ajili ya wafu, na waumini wameahidi kutosimulia baadhi ya maneno. Inatosha.

Nimeshakosea hadharani. Nifanyeje?

Fanya marekebisho mahali palepale kosa lilipotokea, si kwenye akaunti nyingine wala kwa ujumbe wa siri peke yake. Taja ulichosema kwa maneno yako halisi. "Kama kuna aliyekwazika" haihesabiki, kwa sababu inamhamishia mwingine kosa. Usiambatanishe maelezo ya hoja uliyokuwa ukiitetea. Hoja ina siku yake.

Video yenye matusi iondoe, ukiacha maandishi yanayosema umeiondoa na kwa nini. Kuiondoa kimyakimya kunaonekana kama kuficha, na nakala huwa ipo. Video yenye kosa la kihistoria unaweza kuiacha ukiweka sahihisho kwenye maelezo na kwenye maoni ya kwanza. Uliyemtaja kwa jina mwandikie binafsi kabla ya kutangaza, mara moja tu. Akikufungia, usimtafute kwa akaunti nyingine.